Siku Sita Bila Kumwita Mwanangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Watoto wangu husema nitakufa nikigombana na mpishi wa msiba wangu. Lakini kuna siku sita maishani mwangu ambazo hasira hizo nilizimeza zote kimyakimya, isipokuwa asubuhi moja, na ndizo siku ninazozikumbuka kuliko nyingine.

Kwetu ni kisiwani. Nikisema hivyo majirani zangu wa hapa Chemchem hucheka, maana kwao kisiwa ni cha baharini, na Tabora na bahari wapi na wapi. Lakini mto Malagarasi una mahali unapojitanua ukawa bwawa kubwa la mafunjo na matete, na humo katikati pana vipande vya ardhi iliyoinuka ambavyo huvifikii ila kwa mtumbwi. Kwetu palikuwa kimojawapo, karibu na pale misafara ya zamani ilipokuwa ikivuka kwenda Ujiji. Babu zangu ndio waliokuwa wakiivusha. Reli ilipokuja na daraja lake, kazi hiyo ikafa, ukoo mzima ukabaki na pondo za kusukumia mitumbwi mikononi na hakuna wa kumvusha. Tukavua kambale, tukatundika mizinga ya nyuki ng'ambo porini, lakini majivuno ya uvushaji hatukuyaacha.

Mwaka ninaousimulia, serikali ya Mwingereza ilikuwa inatuhamisha. Mbung'o walikuwa wamezidi, watu wanaumwa malale, na Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akaamua kwamba wote tuliokaa kando ya mto tukusanywe mahali pamoja ambapo msitu umefyekwa. Nusu ya nyumba za kisiwani zilikwisha ezuliwa, wenyewe wameondoka na boriti zao, kuta zimeachwa wazi mbuzi wanaingia na kutoka. Sisi tuliobaki tulikuwa tunangoja lori la mwisho, na siku yake tulikwisha tajiwa.

Ndipo baba mdogo akarudi.

Huyu alikuwa mdogo wake baba yangu, kitinda mimba wa bibi yangu. Aliondoka kwenda kukata mkonge upande wa Tanga nikiwa bado msichana. Siku aliyorudi nilikuwa gatini, naosha muhogo uliovundikwa, nikaona mtumbwi unakuja na mtu mmoja aliyevaa koti amekaa mbele, sanduku la bati magotini. Mwenye mtumbwi alipokosea mlango wa matete, yule mtu alimnyang'anya pondo bila kusema neno, akausukuma mtumbwi mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kisiwa kizima mtu wa kushoto kwenye pondo alikuwa mmoja tu. Muhogo ukaniponyoka, ukaenda na maji.

Niliogopa, nasema kweli. Sikufurahi hata kidogo. Niliogopa kwa sababu yule mtu tulikwisha mlilia.

Miaka minne kabla ya hapo mtu wa kijiji cha ng'ambo alirudi kutoka mkonge akaleta habari kwamba ndugu yetu amefariki kambini. Alikuwa ameona mtu wa kwetu akizikwa, akaambiwa ni yule wa Tabora, mvushaji. Huko Pwani kila atokaye upande wetu ni mtu wa Tabora, na wavushaji waliokwenda mkonge hawakuwa mmoja. Lakini sisi tulijuaje? Tulinyoa nywele, tukakaa matanga, pombe ya mtama ikapikwa, kigoda chake kikatolewa nje na kurudishwa ndani kama inavyotakiwa. Bibi alilia mpaka jicho moja likaingia ukungu ambao haukutoka tena.

Hayo yangesahihishika. Watu hukosea, wakacheka, wakachinja mbuzi. Lakini kulikuwa na mwanangu.

Nilikuwa nimeolewa na mfanyakazi wa genge la reli, mtu wa kuhamahama na toroli lake, na kila uzazi nilirudi kwa baba yangu kisiwani. Mtoto wa kwanza alinifia mikononi. Wa pili, wa kiume, alizaliwa mwaka ule uliofuata matanga, akaanza kulia siku ya tatu na hakunyamaza. Ziwa hakulitaka. Alikwisha mpaka ngozi ikabaki mikunjo, na mimi nikaanza kumtazama kama mtu anayetazama maji yakikauka mtungini. Padri alimbatiza kwa jina la mtakatifu fulani, hakunyamaza. Baba akaenda kwa mganga wa kutazamia, akarudi na jibu: anayelia si mtoto, ni baba mdogo, aliyefia mbali na kuzikwa na wageni, anataka kurudi nyumbani, apewe jina.

Ndivyo tulivyo. Aliyekufa hurudi kwa jina. Tukampa mtoto jina lile, akafungwa shingoni ushanga mweupe mmoja kwa uzi, akaitwa kwa jina hilo mara tatu mlangoni, akakalishwa kwenye kile kigoda. Jioni ile ile alinyonya. Alinyonya mpaka akatapika, akanyonya tena. Nani atakayeniambia mimi kwamba ni bahati tu? Tangu siku hiyo nililiita lile jina kutwa mara mia, hata pasipo na haja, kwa furaha ya kuona linaitikiwa.

Na sasa mwenye jina alikuwa anafunga mtumbwi gatini kwetu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Akapiga magoti, akasema shikamoo. Bibi hakuitika. Alimtazama kwa lile jicho zima muda mrefu hata mimi nikaona aibu, kisha akaniagiza nilete ugali. Akamtazama mwanawe akimega, akitafuna, akimeza. Alipomeza tonge la tatu ndipo aliposema marahaba, akaanza kutetemeka mwili mzima. Baba mdogo alidhani ni furaha. Nusu yake ilikuwa furaha kweli.

Baba yangu alifika mbio kutoka kwenye mitego ya samaki, wakakumbatiana. Kisha baba akamwuliza swali ambalo mpaka leo likinijia nasimama ninapotembea. Alimwuliza, kwa upole kabisa, kama unavyomwuliza mgeni:

"Utakaa siku ngapi?"

Baba mdogo alimtazama, akalitazama sanduku lake. Akasema siku sita.

Alasiri hiyo, alipokwenda kuoga, baba na bibi walinivuta nyuma ya nyumba. Bibi alisema jambo moja na kulirudia: jina la marehemu haliwezi kubebwa na mtoto wakati mwenyewe anakula ugali. Mmoja atamvuta mwenzake. Ama mwanawe atalifuata jina lilikopelekwa, yaani kaburini, ama mtoto avuliwe. Ushanga ukatwe, utupwe mtoni, mtoto atafutiwe jina jingine. Nikamwuliza, na kilio kile je, kikirudi? Akarudia yale yale. Nikamwuliza tena, nikipandisha sauti, baba akaniziba mdomo kwa kiganja.

Uamuzi wa baba ulikuwa wa kiwoga, na nilimshukuru nao: tusimwambie mgeni chochote. Siku sita zipite bila mtu kulitaja lile jina, si kwa mtoto wala kwa mwenyewe. Ushanga ufichwe ndani ya shati. Akishaondoka tutaona la kufanya.

Basi tukaanza. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, mbishi kama mama yake. Nilimwita "wewe", hakugeuka. Nilimwita "baba", akatazama huku na huku kumtafuta babu yake. Siku ya pili alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniuliza mbona simwiti. Nikamwambia akae kimya ale. Kumnyima mtoto jina lake, na yeye hajui amekosa nini, ni kazi mbaya sana. Nilimfunga mgongoni kutwa, mkubwa hivyo, miguu inaninginia, watu wakaniuliza kama ni mgonjwa. Nilikuwa namkimbia bibi. Kila nilipogeuka nilimwona bibi anatutazama, na nilijua anatazama shingo.

Sikumchukia, ingawa ningetaka kusema nilimchukia, ingekuwa rahisi. Yeye alikuwa mama wa mmoja, mimi mama wa mwingine, na kila mmoja alikuwa anamlinda wake.

Baba mdogo naye alizunguka kisiwa kama mtu aliyepoteza kitu. Alituambia hata Tabora ilimpotea: alishuka kwenye treni akalala siku mbili Mtendeni kwa mtu wa kwetu, na hakuitambua nyumba yoyote ila msikiti. Lakini ya kisiwani yalimwuma zaidi. Alisimama katika nyumba ya rafiki yake aliyekwisha hama, akatazama juu palipokuwa na paa. Alikwenda kwenye gati la zamani, akaukuta mtumbwi mkubwa wa babu, ule uliovusha pembe za tembo na watu wa minyororo, umeota uyoga ndani. Alivuka kutazama mizinga yake, akakuta watu wa serikali wamefyeka miti yote ya upande ule ili mbung'o wakose kivuli. Alirudi na kipande cha gome la mzinga, akakaa akikigeuzageuza mkononi hadi chakula kikapoa.

Hakuuliza kwa nini hakuna anayemwita kwa jina lake. Mama yake alimwita "mwanangu", kaka yake alimwita "bwana", majirani walimwita "mgeni". Nilikuwa nikimtazama usoni kila tunapolikwepa, na sikuona kitu.

Siku ya nne alinituma sandukuni nikamletee kisu. Nikafungua. Mlikuwa na blanketi, sahani ya bati, kikombe, kijiko kilichofungwa kwa kitambaa, panga la mkonge limetiwa mafuta, picha ya Mama Bikira iliyokatwa katika gazeti la misheni, viatu vibovu ambavyo mtu havibebi safarini ila kama hana tena mahali pa kuviacha. Nilielewa papo hapo. Mtu anayekuja kutembea kwa siku sita habebi sahani yake. Alikuwa amerudi, amerudi moja kwa moja, na sisi tulimwuliza atakaa siku ngapi kabla hajatua mzigo.

Nikafunga sanduku, nikampelekea kisu, sikumwambia baba. Hili ndilo ninaloona haya kulisimulia. Ningesema neno moja tu, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini akikaa, bibi atakata uzi, na mwanangu alikuwa ameanza kukohoa usiku uliopita. Kikohozi kidogo tu, cha vumbi. Nilikisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi. Niliamua kutokuelewa nilichokiona.

Siku ya sita, asubuhi, mtoto alikataa mgongo. Alijitupa chini, akajikaza, nikamwacha nikaenda kuteka maji nikisema narudi sasa hivi. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kile kigoda, na bibi amepiga magoti mbele yake. Shati la mtoto lilikuwa wazi. Bibi alikuwa ameushika uzi kwa vidole viwili vya mkono mmoja, na mkono wa pili una wembe.

Nilitupa mtungi. Nilimshika bibi yangu kifundo cha mkono, nikakikamata kweli, mpaka akaugua. Mjukuu kumshika bibi yake hivyo ni jambo ambalo kwetu watu wangelizungumza mwaka mzima. Sikuachia. Yeye naye hakuachia uzi. Tulibaki hivyo, tunahema, mtoto katikati anatutazama kwa zamu, na wembe ulikuwa karibu sana na koo lake. Nilimwambia bibi akikata nitamtia mtoto kwenye mtumbwi niende nisionekane tena. Akaniambia, akilia, kwamba mimi nitazaa wengine, yeye hawezi.

Baba mdogo alitokea upande wa jiko, koti amelivaa, sanduku begani tayari kwa safari. Baba yangu alikuwa nyuma yake na pondo. Baba mdogo alilitua sanduku taratibu.

"Mama, nipe huo wembe," alisema.

Bibi alimpa. Mwanawe aliufunga, akautia mfukoni, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka juu.

"Huyu aliniambia jina lake siku ile ile niliyofika," akasema. "Nilikuwa nanawa mikono. Akaniambia lake, akaniuliza langu. Nikamwambia nimelisahau."

Siku sita zote tulizozuia pumzi, mwenyewe alikuwa anajua tangu saa ya kwanza. Baba yangu alitazama chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini kifundo cha bibi nilikuwa bado nimekishika, na nikakiachia kwa haya kidole kwa kidole.

Kisha baba mdogo akamwuliza mama yake kama alipomlilia alimaliza. Bibi akamwonyesha lile jicho lenye ukungu.

"Basi usianze upya," alisema. "Kule kambini hakuna anayeniita kwa jina. Asubuhi mnyapara anasoma namba, naitika namba. Kipande changu cha kazi kina namba. Mwachieni mtoto, yeye analitumia."

Bibi alisema maneno mengi baada ya hapo. Alimwambia akae, twende naye kwenye makao mapya, tutatafuta mganga mwingine, mkubwa zaidi, atakayejua namna ya kuligawa. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kwa heshima. Akasema tu kwamba mganga mkubwa anaweza kukosea kama mdogo, na mtoto ni huyu mmoja. Akaomba jambo moja. Mtumbwi ukiondoka, asiitwe. Watu wetu wana desturi ya kumwita anayesafiri kwa jina lake, mara moja, akiwa amefika kati ya maji, naye hugeuka na kuinua mkono ili safari ijue ana kwao. Alisema hilo yeye asifanyiwe.

Tulikwenda gatini. Baba yangu alisimama nyuma ya mtumbwi na pondo, baba mdogo akakaa mbele, mgongo umetuelekea, sanduku magotini kama alivyokuja. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto mkono. Nilitaka kumwambia baba yangu kuhusu ile sahani. Bado wakati ulikuwepo, mtumbwi ulikuwa hatua tatu kutoka ukingoni, kisha kumi. Nilisikia mtoto akikohoa, nikanyamaza.

Bibi alijitahidi. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mtumbwi ulipofika kati ya maji, pale watu wanapoitwa, mikono yake ikashuka, na akaita. Aliita lile jina kwa sauti ya zamani, sauti ya mwanamke wa wavushaji anayeita ng'ambo, mpaka ndege wakaruka kwenye mafunjo.

"Naam, bibi," akaitika mwanangu, akiinua mkono wake.

Niliutazama ule mgongo wenye koti. Haukugeuka. Nilimwona baba yangu ameacha kusukuma, akingoja, pondo linachuruzika maji. Baba mdogo alimwambia kitu, nadhani alimwambia twende, na mtumbwi ukaingia kwenye mlango wa matete.

Kikohozi cha mtoto kilipona kabla lori halijafika.